Kuhama Si Kupona: Methadoni, Arosto na Safari ya Rangwe



Ndugu msomaji, tuanze kwa mfano. Hatuutoi ili kumsema mtu, wala hakuna haja ya kuuliza ni nyumba ya nani, kwa kuwa ni nyumba nyingi za pwani zilizokusanywa katika nyumba moja.

Mama yuko Kisauni. Amemaliza sala ya Isha, bado ameketi juu ya msala, na simu inalia. Ni nduguye, mjomba wa watoto, ambaye kwa miaka mingi amekaa Rangwe, kaunti ya Homa Bay, akifanya biashara ya dagaa wa ziwani, wale waitwao omena. Juma hilo alimpokea mpwawe, kijana wa miaka ishirini na sita, aje amsaidie dukani.

"Dada," anasema, "mtoto huyu ni mgonjwa. Hajalala usiku wa pili huu. Jasho linamtoka, anatapika, tumbo linamwendesha, mifupa inamuuma mpaka analia. Jirani ananiambia ni malaria."

Mama ananyamaza. Anayajua maradhi hayo, amekwisha kuyaona nyumbani mwake. Jambo ambalo hakumwambia nduguye, kwa kuona haya, ni kwamba kijana huyo kwa miaka mitatu amekuwa akinywa methadoni kila asubuhi kliniki, na kwamba safari ya Rangwe ndiyo iliyokusudiwa kuwa dawa ya kumwachisha.

Desturi ya kuhamisha

Sisi watu wa pwani tuna desturi ya zamani. Mtoto akiharibikiwa, ahamishwe. Hupelekwa kwa ami yake, kwa bibi yake kisiwani, au kwa mjomba aliyeko bara. Desturi hii ina hekima yake, kwani anayetaka kuacha unga hawezi kukaa maskani yale yale, na marafiki wale wale, akatumaini kusalimika. Lakini ina upungufu mmoja mkubwa. Unaweza kumtenga mtu na mtaa wake, huwezi kumtenga na mwili wake. Mwili husafiri naye ndani ya basi, kilomita zaidi ya 800 kutoka Mombasa hadi ukanda wa ziwa, na saa yake ikifika hudai ulichozoea.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea, na hukosea kwa nia njema. Hudhani kwamba methadoni ni jambo la Mombasa kama vile unga ulivyokuwa jambo la Mombasa, na kwamba vyote viwili vitabaki nyuma kituo cha basi.

Methadoni ni nini

Methadoni ni dawa ya jamii ya afyuni, jamii moja na mofini na heroini. Tofauti yake iko katika mwendo. Heroini huingia kwa kasi, hulewesha, na baada ya saa chache humwacha mtu na kiu kali kuliko ya mwanzo. Methadoni inayonywewa huingia polepole na kukaa mwilini siku nzima na zaidi. Ikipatikana kwa kipimo kinachomfaa, haimlewi mtu aliyeizoea. Humwondolea arosto na kumpunguzia hamu, akaweza kulala, kula, kuswali na kwenda kazini kama wenziwe. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Katika Afrika Mashariki, jirani zetu wa Tanzania walianza kuitoa katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na Zanzibar ikafuata miaka michache baadaye. Hapa Kenya huduma ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na mwanzoni mwa 2015 ikafika Malindi. Baadaye ikaenea Kisauni na sehemu nyingine za pwani na bara. Mgonjwa hufika dirishani, hutambuliwa, hunywa dawa yake mbele ya mhudumu, kisha huenda zake. Kesho hurudi tena.

Wako wanaouliza: je, huku si kubadilisha unga kwa unga? Swali hili si la kubezwa, kwani huulizwa na wazazi wenye uchungu. Jawabu liko mbele ya macho yetu. Mtumiaji wa heroini huamka akiwaza fedha, na fedha zikikosekana huwaza sufuria ya mama yake. Hununua asichokijua kipimo chake wala kilichochanganywa nacho, na akijidunga huhatarishwa na virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Anayekunywa methadoni hupewa kipimo kinachojulikana, bila sindano, bila wizi, mkononi mwa mtu anayemwandika jina na kumuuliza hali. Ni kweli kwamba mwili wake bado unategemea dawa. Hata hivyo kutegemea dawa na kuangamia ni mambo mawili mbalimbali.

Arosto ya methadoni

Kwa kuwa methadoni hukaa mwilini kwa muda mrefu, arosto yake huchelewa. Ya heroini huanza saa chache baada ya dozi ya mwisho, hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na kwa wengi hupungua baada ya juma moja. Ya methadoni huweza kukawia siku moja hadi mbili. Msafiri hufika salama, hula, hucheka, na familia hushukuru mapema. Kisha huja miayo, machozi na mafua. Ngozi husisimka, mboni za macho hupanuka, jasho hutoka huku mwili ukitetemeka kwa baridi. Hufuata maumivu ya mifupa na misuli, kutapika, kuharisha, wasiwasi na kukosa usingizi. Huongezeka siku baada ya siku katika juma la kwanza, na huweza kuendelea majuma mawili, matatu au zaidi. Usingizi mbovu na huzuni huweza kubaki hata miezi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, arosto ya aina hii kwa kawaida haiui yenyewe. Kinachoweza kumwangusha ni kupungukiwa na maji kwa kutapika na kuharisha. Lakini kama kijana alikuwa pia akinywa pombe nyingi au vidonge vya usingizi, kuvikatiza hivyo ghafla huweza kuleta degedege na kifo. Kwa hiyo swali la kwanza la mjomba lisiwe "umefanya nini?" bali "ulikuwa ukitumia nini, na lini mara ya mwisho?"

Usiku ule, Rangwe

Mjomba afanye nini? Kwanza, aambiwe kweli. Siri ya mama, ijapokuwa ilitoka katika haya, ndiyo iliyomfanya mjomba atafute malaria peke yake. Wala asiache kupima malaria, kwa kuwa ukanda wa ziwa una malaria nyingi na mgeni anaweza kuwa na yote mawili. Ila mhudumu wa afya hawezi kutibu asichoambiwa.

Pili, apelekwe hospitali, nayo Rangwe inayo hospitali ya serikali. Huenda isiwe na methadoni, lakini ina uwezo wa kumpima, kumpa maji ya chumvi na sukari au dripu, dawa za kuzuia kutapika na kuharisha, na za maumivu. Ziko pia dawa, kama klonidini, zinazopunguza makali ya arosto. Hizo hutolewa na daktari pekee, kwa sababu hushusha shinikizo la damu.

Tatu, asubuhi ipigwe simu kwa kliniki yake ya pwani. Huko ndiko liliko faili lake na kipimo chake halisi. Kliniki inaweza kuzungumza na kliniki nyingine, ikathibitisha dozi na kuandika uhamisho. Kwa watu wa Homa Bay, mlango ulio karibu ni Kisumu, katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Lakini kufika tu dirishani bila barua na bila taarifa ni kujitafutia kurudishwa.

Nne, na hili litiwe moyoni: mgonjwa aliyekosa dozi siku kadhaa asirudishiwe kipimo chake cha zamani na mtu yeyote asiye daktari. Kwa kawaida aliyekosa siku tatu au zaidi hupimwa upya na kupunguziwa, na aliyekosa zaidi ya siku tano huanzishwa karibu kama mgeni. Mwili wake umekwisha kupoteza ustahimilivu. Kilichokuwa dawa juma lililopita kinaweza kuwa sumu leo.

Na tano, asitulizwe kwa chang'aa, wala kwa vidonge vya usingizi vya dukani. Vitu hivi vikikutana na methadoni au heroini huzima pumzi.

Tuliyoyaona mwaka 2011

Wenye umri watakumbuka. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, heroini iliadimika ghafla Mombasa, Malindi na miji mingine ya pwani. Wako waliofurahi wakasema, sasa vijana wetu watapona kwa lazima. Tulichokiona kilikuwa kingine. Vijana waligaagaa mabarazani kwa arosto, hospitali zikafikiwa na wagonjwa ambao hazikuwa zimejiandaa kuwapokea, na wengi wakakimbilia pombe na vidonge. Unga uliporudi, wengi waliurudia.

Somo la miezi ile ni hili: kukosa si kuacha. Mtu aliyenyimwa hajapona; amesubirishwa. Na kumpeleka kijana Rangwe bila dozi, bila barua na bila mpango ni kuirejesha 2011 katika chumba kimoja cha nyuma ya duka.

Hatari inayokuja baada ya nafuu

Wazazi wengi huogopa siku za arosto, nazo zinaogopesha. Lakini siku za hatari zaidi ya mauti ni zile zinazofuata, pale kijana anapoanza kula, uso ukarudi, na watu wakasema alhamdulillahi. Akiteleza siku hiyo, akatumia kiasi alichokizoea zamani, mwili ambao hauna tena ustahimilivu hushindwa kupumua. Ndiyo maana baadhi ya vijana wetu wamefariki majuma machache tu baada ya kutoka jela au nyumba ya kuachishia.

Kila mama ajifunze dalili: mtu haamki akiitwa wala akitikiswa, anapumua polepole mno au anakoroma kwa sauti ya kukabwa, midomo imebadilika rangi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Huyo hamwagiwi maji wala hapewi maziwa. Alazwe ubavu, njia ya hewa iwe wazi, na akimbizwe hospitali. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi kwa dakika chache. Ulizeni katika kliniki na vituo vya huduma kama mnaweza kufundishwa kuitumia.

Kuachishwa kwa njia yake

Je, mtu abaki na methadoni maisha yake yote? Wengine hubaki nayo miaka mingi, na si aibu. Wengine huacha. Mwenye kutaka kuacha anaweza kuongozwa, na njia yake ni ndefu kwa makusudi. Kipimo hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma na miezi, na kila hatua mwili hupewa muda wa kuizoea. Ikiwa hatua fulani ni nzito, husimama hapo, na pengine hurudi nyuma kidogo. Si mashindano. Anayepaswa kuuchagua wakati ni mgonjwa na daktari wake, si shangazi aliyechoshwa na maneno ya majirani. Dalili za kuwa tayari ni hizi: amekaa muda mrefu bila kutumia unga, ana kazi au masomo, ana mahali pa kulala pasipo na watumiaji, na ana mtu wa kumwambia kweli usiku wa manane.

Kwa wanaotaka huduma ya kulazwa, pwani haikukosa watu wa kheri. Mombasa iko MEWA, jumuiya ya Waislamu ya elimu na maslahi, yenye kituo cha tiba na kurekebisha tabia. Uko pia Reachout Centre Trust. Malindi uko Omari Project. Kwa walioko magharibi, Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, inatoa tiba ya uraibu, na Nairobi iko Mathari. Mamlaka ya NACADA huwa na simu ya bure, 1192, ambako familia inaweza kuuliza kituo kilichoidhinishwa kilicho karibu nayo.

Neno "kilichoidhinishwa" lisisahauliwe. Kabla ya kulipa, uliza: Je, yuko daktari au afisa wa tiba, na usiku huwepo nani? Je, mnapokea anayetumia methadoni, na mtafanya nini na dozi yake siku ya kwanza? Je, familia inaruhusiwa kumwona? Akitoka, nani atamfuata? Mahali panapojibu kwa minyororo, kwa viboko, au kwa ahadi ya kumponya kwa siku saba, ondokeni na mtoto wenu.

Kwa mama zetu na dada zetu

Wanawake pia hutumia unga, nao hujificha zaidi kwa sababu huhukumiwa zaidi. Aliye mjamzito na anatumia methadoni asiikatize ghafla hata kidogo, kwani arosto huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Aendelee chini ya daktari, na awaambie wakunga. Mtoto akizaliwa huenda akaonyesha dalili za arosto kwa siku kadhaa; hali hiyo hutibika hospitali, na mara nyingi mama huruhusiwa kunyonyesha.

Jambo jingine ni dawa nyingine. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI kama efavirenzi, huipunguza methadoni mwilini, hata mgonjwa akapata arosto ilhali hakukosa dozi. Hapo familia humtuhumu kwamba ameitapika makusudi au amerudia unga. Kumbe anahitaji kurekebishiwa kipimo. Kila daktari aambiwe dawa zote.

Ibada na haya

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba, na sharia imemfungulia mgonjwa na msafiri mlango wa rukhsa. Methadoni ya kunywa hufunguza saumu, kwa hiyo kabla ya Ramadhani mgonjwa aulize kliniki kama saa yake inaweza kusogezwa, na amwulize shehe anayemwamini kuhusu hukumu ya hali yake. Asichoruhusiwa kufanya ni kuikatiza dawa kimya kimya siku ya kwanza ya mwezi kwa kuogopa macho ya watu, kisha ashindwe siku ya nne na kuangukia maskani.

Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomzuia mama kumwambia nduguye jina la ugonjwa haimhifadhi mtoto. Na tuangalie Rangwe yenyewe tujifunze. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizopigwa zaidi na UKIMWI nchini. Ulikuwapo wakati ambapo ugonjwa huo haukutajwa hata matangani. Mwaka 2001 madaktari wa Médecins Sans Frontières walianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya Homa Bay, na leo watu huenda zahanati kuchukua dawa za maisha kama anavyochukua mtu dawa ya presha. Jamii ile ilijifunza kwamba kumeza dawa kila siku si kushindwa. Nasi tunaweza kujifunza.

Turudi kwa mama wa Kisauni. Katika mfano wetu, alivuta pumzi akasema, "Kaka, si malaria peke yake. Nilikuficha." Akamweleza yote. Mjomba alinyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia kabla hajapanda basi, ningemtafutia chumba Kisumu." Maneno hayo hayakuwa ya lawama, yalikuwa mpango. Kwani Rangwe na Kisumu ni saa mbili au zaidi kwa gari, na hakuna awezaye kuzifunga safari hizo kila siku kwa ajili ya dozi moja. Kijana ataishi Kisumu karibu na kliniki, au atarudi pwani amalize kupunguziwa taratibu, ndipo aende kwa mjomba wake akiwa mtu huru. Duka la omena litamngoja.

Basi, ewe mzazi unayefunga mzigo wa mwanao usiku huu, umtie nguo, umtie dua, na umtie pia barua ya kliniki. Na anayempokea ajue anampokea nani.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na azisitiri nyumba zetu bila kuziangamiza kwa siri. Amin.

Wabillahi tawfiq.